Bibi, Kibanja na Laki Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Ardhi ya Ukoo, Muleba 1988–1990

Kwa nini kisa hiki

Anayejifunza haki za wanawake na ardhi Tanzania hukutana na kisa hiki mapema, na mara nyingi hupewa kwa mstari mmoja: mwaka 1990 Mahakama Kuu ilisema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo. Mstari huo ni wa kweli. Lakini msaidizi wa kisheria aliyekaa chini ya mti na mama mwenye shida ya namna hiyo hawezi kufika mbali nao, kwa sababu haumwambii mwanamke huyo aliuza kwa nini, fedha zilikuwa hatarini kiasi gani, nani aliyefanya kazi ngumu kabla jaji hajaifikia, wala kwa nini wajane wawili wa Shinyanga walishindwa miaka 16 baadaye kwa kanuni zilizomo katika tangazo la serikali lilelile lililomzuia yeye kuuza.

Majina ya wahusika watatu na ya kijiji chao nimeyaondoa. Mwenye ardhi namwita Bibi, aliyemshtaki namwita mpwa, na aliyenunua namwita mnunuzi. Tarehe, mahakama na jina la jaji nimeviacha kwa kuwa ni kumbukumbu za umma.

Usuli: kibanja, mila na karatasi

Kwa Wahaya, watu wa mkoa wa Kagera ambako Muleba ipo, kibanja kinazidi shamba. Ni nyumba, migomba iliyoizunguka, mibuni iliyopandwa katikati ya migomba, na makaburi ya waliotangulia. Nje yake kuna rweya, uwanda wa majani wenye udongo hafifu. Rutuba ya kibanja haikushuka kutoka mbinguni. Vizazi vimeibeba kwa mikono, samadi na majani yaliyokatwa rweya, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo ukoo unapoogopa kibanja kisiingie mikononi mwa mgeni, hofu hiyo ina asili yake. Anayeibeza atafungiwa mlango na wazee kabla hajaanza kuzungumza.

Mila iliyolinda kibanja ilikuja kuandikwa. Wakati wa ukoloni Hans Cory, mtafiti aliyeajiriwa na serikali, aliziandika mila za Wahaya. Baada ya uhuru, mwaka 1963, mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zilikusanywa na kutolewa katika Tangazo la Serikali Na. 436. Kanuni ya 20 ya urithi katika tangazo hilo, nikiieleza kwa maneno yangu, inasema hivi: mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, hiyo atapewa aitumie lakini asiiuze, ila kama katika ukoo hakuna mwanamume, ataimiliki kikamilifu.

Mwanamume naye hakuachwa auze apendavyo. Akiuza ardhi ya ukoo kwa mtu wa nje bila ridhaa ya ndugu, ndugu waliweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Tofauti hii isomwe polepole, maana kisa kizima kimesimama juu yake. Mauzo ya mwanamume yalikuwa mauzo, na ukoo ukitaka ardhi irudi ulipaswa kutoa fedha mfukoni. Mauzo ya mwanamke yalihesabiwa kuwa hayakufanyika kabisa. Ukoo ulirudishiwa ardhi bila kutoa hata senti, na mwanamke akabaki na deni.

Sheria ya nchi ilikuwa inabadilika wakati huohuo. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliingiza haki za binadamu ndani ya Katiba ya 1977, na zikaanza kutumika Machi 1985. Hata hivyo sheria iliyoambatana nayo, Na. 16 ya 1984, ilizuia watu kuzidai mahakamani mpaka Machi 1988. Serikali ilipewa miaka mitatu isafishe sheria zake. Miaka mitatu ikaisha na Kanuni ya 20 ipo palepale, herufi kwa herufi.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Bibi alirithi kibanja kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Naomba hili lishikwe mapema. Hakuvamia, wala hakubaki pale kwa sababu ndugu walisahau kumwondoa. Baba yake, mwanamume wa ukoo huo, ndiye aliyeamua kwa hiari yake kwamba binti ashike ardhi hiyo.

Kufikia 1988 Bibi alikuwa mzee na nguvu zimemwishia. Kumbukumbu za kesi zinaeleza kwamba hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 alikiuza kibanja kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000.

Tarehe 25 Agosti mpwa wake alikuwa Mahakama ya Mwanzo, amefungua shauri.

Nikifika kwenye tarehe hizi mbili husimama kwanza. Ukoo ambao haukuwa na mtu wa kumtunza Bibi ulipata mtu wa kumfikisha mahakamani ndani ya siku moja.

Dai la mpwa lilikuwa fupi: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, hivyo mauzo ni batili. Mahakama ya Mwanzo ilikubali. Ilibatilisha mauzo na kuamuru Bibi amrudishie mnunuzi zile 300,000.

Bibi alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba na akashinda. Mpwa hakuridhika, akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu. Tangu siku ya mauzo ilikuwa imepita miezi 18, na kwa mtu mzee anayetegemea fedha za kibanja ili ale, miezi 18 si muda mdogo.

Maamuzi matatu na sababu zake

*Mahakama ya Mwanzo* ni rahisi kuilaumu, lakini tuipe haki yake. Ilikuwa na kanuni iliyoandikwa mbele yake. Tena kanuni hiyo ilikuwa imeshapita mikononi mwa majaji wa juu ikabaki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani yenyewe iliisimamia katika kesi iliyotoka kwa Wahaya haohao. Hakimu wa mwanzo aliyefuata njia hiyo hakuwa mzembe. Kosa lake ni kwamba aliisoma sheria ya 1963 kana kwamba Machi 1988 haijafika.

*Mahakama ya Wilaya* ndiyo iliyogeuza mambo. Hakimu alisema kwamba sasa Katiba ina haki za binadamu, na kwa haki hizo mwanamke ana uwezo uleule wa kuuza alio nao mwanamume. Tupime alichofanya. Haki hizo zilikuwa na muda mfupi tu tangu zianze kudaiwa, na hapakuwa na hukumu ya juu ya kuegemea. Akiwa mji mdogo wa Muleba, mbele ya kanuni iliyothibitishwa na mahakama kubwa kuliko yake, hakimu wa wilaya alithubutu kusema kwamba Katiba iko juu ya Kanuni ya 20. Katika mafunzo jina linalotajwa ni la jaji. Mimi nadhani hatua ya ujasiri zaidi ilipigwa Muleba.

*Mahakama Kuu* ilikuwa na maswali mawili, na ni vizuri kuyatenganisha.

La kwanza: je, Kanuni ya 20 ni ya kibaguzi? Jaji alijibu ndiyo, na akaijenga hoja kwa vitu vingi. Katiba, ibara ya 13(4), inakataza ubaguzi. Lakini tafsiri ya ubaguzi iliyokuwamo kwenye Katiba wakati huo haikulitaja neno jinsia; liliongezwa baadaye, kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Ndiyo maana mikataba ilibeba uzito mkubwa katika hoja yake: Azimio la Haki za Binadamu la 1948, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Alirudi pia kwa Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1967 alikiri waziwazi kwamba katika jamii zetu za jadi mwanamke aliwekwa, kwa kiasi fulani, chini ya mwanamume. Hapa jaji alikuwa anajibu lawama kabla haijatolewa. Mtu angesema usawa wa mwanamke ni jambo la kuazima ng'ambo. Nyerere alikuwa ameshalisema hapa nyumbani, tena ndani ya maandishi ya Ujamaa yaliyosifu maisha ya jadi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: sasa kanuni hii ifanywe nini? Jaji angeweza kuitangaza batili. Alichagua njia nyingine. Kifungu cha 5(1) cha ile Sheria Na. 16 ya 1984 kiliziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Kwa njia hiyo akaisoma Kanuni ya 20 upya: wanaume na wanawake wa ukoo wana haki sawa ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa masharti yaleyale. Hivyo mwanamke aliyeuza ameuza, na ndugu wa ukoo wanaotaka ardhi irudi wataikomboa kwa fedha, kama ambavyo siku zote wangemfanyia mwanamume.

Matokeo

Rufaa ya mpwa ilitupwa na mauzo yakathibitishwa kuwa halali. Hata hivyo mpwa alipewa nafasi: ndani ya miezi 6 alipe shilingi 300,000 mahakamani akikomboe kibanja; asipofanya hivyo, ardhi ni ya mnunuzi.

Uchambuzi

*Tufuate fedha.* Wanafunzi wengi wanaposoma amri ya mwisho hukunja uso. Mpwa amepewa tena mlango wa kuipata ardhi. Huo ni ushindi gani? Nashauri tuache ardhi kwa muda tuzifuate zile laki tatu.

Chini ya amri ya Mahakama ya Mwanzo, ardhi inarudi kuwa ya ukoo, mnunuzi anarudishiwa chake, na fedha zote zinatoka kwa Bibi. Mzee asiye na mtu wa kumtunza, ambaye huenda alikwisha anza kula kutokana na fedha hizo, anabaki na kibanja asichoweza kukilima na deni asiloweza kulilipa. Mpwa hatoi kitu. Chini ya amri ya Mahakama Kuu, iwe mpwa amekomboa au ameshindwa, fedha za Bibi haziguswi. Akikomboa, fedha zinatoka kwa mpwa kwenda kwa mnunuzi. Asipokomboa, mnunuzi anabaki na ardhi aliyoilipia. Katika njia zote mbili Bibi anakula fedha zake kwa amani.

Kwa sababu hiyo naiona sehemu ya ukombozi kuwa ya busara kuliko inavyoonekana. Iliheshimu uhusiano wa ukoo na makaburi yake, ila ikauambia ukoo kwamba heshima hiyo ina bei, na kwamba bei hiyo hailipwi na mwanamke peke yake. Msaidizi wa kisheria anayekaa na wazee wa ukoo anaweza kuitumia hoja hii hata leo. Haina haja ya kuwaambia kwamba mila yao haina maana. Inawauliza tu: kama kibanja ni cha thamani kwenu kiasi hicho, mko tayari kukilipia?

*Wosia ulifanya kazi kimyakimya.* Hukumu haikuushughulikia sana, kwa kuwa mabishano yalikuwa juu ya uwezo wa kuuza. Lakini bila wosia wa baba, Bibi angekuwa mbele ya hakimu akitetea hata kuwapo kwake pale. Kazi ingekuwa mara mbili. Katika kesi nyingi za ardhi na wanawake, vita hupotea kwenye hatua hiyo ya awali, na mama hapati hata nafasi ya kufikia hoja za Katiba. Baba aliyeandika wosia alikuwa amekwisha imaliza nusu ya kesi miaka mingi kabla haijafunguliwa.

*Njia ya Muleba ilikuja kuzibwa.* Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya utaratibu wa kudai haki za msingi. Chini yake, hoja ya haki za Katiba inapoibuka mbele ya hakimu wa chini, hakimu huipeleka Mahakama Kuu, ambako husikilizwa na majaji watatu. Kuna sababu za utaratibu huo. Si vyema kila wilaya iwe na tafsiri yake ya Katiba. Lakini gharama yake ionekane. Alichofanya yule hakimu, yaani kusoma kanuni na Katiba pamoja na kutoa haki palepale karibu na kijiji cha mtu, kimekuwa safari ndefu inayohitaji wakili, nauli na miaka. Bibi asingeimudu.

*Kanuni ilibaki kitabuni.* Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Jaji aliisoma kanuni upya, hakuifuta. Hukumu yake iliwasaidia waliofika mahakamani wakiwa na mtu anayeijua. Kwa wengine wote, hakimu wa mwanzo, katibu wa ukoo au mtendaji wa kijiji aliyefungua Tangazo Na. 436 aliikuta Kanuni ya 20 kama ilivyochapwa 1963. Na tangazo hilo lina kanuni nyingine nyingi ambazo kisa cha Bibi hakikuzigusa: watoto wa kike kuwekwa daraja la mwisho katika urithi, nyuma ya kaka zao wote, mjane kutokuwa na fungu kama mume ameacha ndugu wa ukoo, kwa maelezo kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Wajane wawili wa Shinyanga walifika kwenye ukuta huo. Waume zao walipofariki, wakwe walichukua mali na kuwafukuza nyumbani wakiwa na watoto wadogo. Mwaka 2005, kwa msaada wa wanasheria wanawake, walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, ikisema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, na kwamba ikigusa mila moja makabila yote yatakuja na mila zao. Walikata rufaa. Mahakama ya Rufani ilichukua miaka minne, na mwaka 2010 ikaitupa rufaa kwa sababu hati ya hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu yenyewe ilikuwa na tarehe yenye kasoro. Wajane hawakuwa wameiandika hati hiyo. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao, ikapendekeza wafidiwe na kanuni hizo zifutwe au zirekebishwe.

Zisomeni hukumu hizi mbili pamoja, ya 1990 na ya 2006. Zote zinasema mila ni ya kibaguzi. Ya kwanza ilikuwa na mtu mmoja, kibanja kimoja na laki tatu, na jaji akapata namna ya kutoa haki katika eneo hilo dogo. Ya pili iliombwa iondoe kanuni kwa ajili ya kila mwanamke anayeguswa nayo, mahakama ikaogopa ukubwa wa ombi. Mimi siafiki hofu hiyo. Mahakama ikishakiri kwamba kanuni ni ya kibaguzi, anayeambiwa asubiri jamii ibadilike ni yuleyule aliyekwisha fukuzwa nyumbani. Ila kwa anayepanga kesi, tofauti hii ina maana yake: mjane mmoja aliye na mgogoro halisi wa nyumba moja anaweza kupata nafuu pale ambapo ombi la jumla lingegonga mwamba.

*Lugha.* Mahakama ya Mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili. Hukumu ya Mwanza iliandikwa kwa Kiingereza. Waliokuwa wakihitaji zaidi kuijua, akina mama wa Muleba, Bukoba na Karagwe, hawakuweza kuisoma. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na sheria. Kazi ya kutafsiri hukumu za zamani zenye uzito wa namna hii bado ni kubwa, na wasaidizi wa kisheria wanaweza kuianza wenyewe kwa muhtasari wa kurasa mbili unaobandikwa ofisi ya kata.

*Swali ambalo hakuna mahakama iliyouliza.* Mahakama tatu zilijadili uwezo wa Bibi kuuza. Hakuna iliyomuuliza mpwa alimpelekea shangazi yake nini mwaka ule. Hakuna debe la maharage, hakuna siku moja ya kulima, hakuna dawa iliyotajwa. Ukoo ulihesabiwa kuwa na haki juu ya ardhi, na haki hiyo haikufungwa kwenye wajibu wowote kwa aliyeishi juu yake.

Nayo ilikuwa Kagera ya miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huo, mwaka 1983, na miaka iliyofuata vijiji vilizika watu wazima wenye nguvu na kubaki na wazee na watoto. Sisemi kwamba hayo ndiyo yaliyomkuta Bibi. Nasema kwamba mzee wa kike asiye na mtu wa kumtunza hakuwa kioja Muleba wakati huo, na sheria ya mila iliyodhani kila mwanamke ana baba, mume au mwana wa kumlisha ilikuwa inazungumza na kijiji ambacho hakikuwapo tena.

Kwa maana hiyo ushindi wa Bibi ulikuwa haki ya kuuza kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Ni haki ya kweli, na bila hiyo angekuwa na njaa na deni. Lakini tunapokifundisha kisa hiki tusikipambe. Mtu akiuza kibanja alichoachiwa na baba yake ili apate chakula, haki ya kijinsia imefanya kazi yake, na kuna haki nyingine iliyokuwa imeshindwa siku nyingi kabla yake.

Bibi angefika leo

Leo njia yake ingekuwa tofauti. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinasema katika kifungu cha 3(2) kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa viwango vilevile. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki halali. Mauzo yangepitia halmashauri ya kijiji. Mpwa angepeleka lalamiko kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7, ambao 3 kati yao sheria inataka wawe wanawake. Kwenye mauzo ya mtu aliye hai, msaidizi wa kisheria ana vifungu vya kutosha mkononi.

Kwenye urithi hana uhakika huo. Bibi akiwa hana wosia wa baba yake, Tangazo Na. 436 litaingia tena chumbani. Ndiyo maana anapokuja mzee mwenye ardhi na binti, na afya yake bado iko sawa, jambo la kwanza ni kuandika wosia wenye mashahidi, kabla ya kumfundisha kifungu chochote.

Na kuhusu kutunzwa: Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe amewahi kuajiriwa au la. Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini haina pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote. Fomu tunazojaza tunapompokea mteja zina nafasi ya namba ya kiwanja, majina ya majirani wa mipakani na jina la anayelalamikiwa. Katika fomu ninayotumia nimeongeza mstari kwa kalamu, juu kabisa, kabla ya hayo yote: nani anakupikia?